Mwanangu Amezifungia Kamera Zangu, na Mimi Sitatulia

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, ila nakuomba kwanza usome mpaka mwisho kabla hujaniambia nitulie, kwa sababu neno hilo nimeambiwa wiki hii na kila mwenye mdomo, na wewe ukiliongeza gazeti lako nitalifungia sabuni.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na tisa, nimestaafu mwaka juzi baada ya kufanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha eksirei hospitalini, chumba kisicho na dirisha, na kazi yangu yote ilikuwa kusema maneno yale yale, vuta pumzi, zuia, usitikisike, nimeyasema kwa wazee, kwa watoto, kwa walevi waliovunjika taya, nimeyasema mpaka nyumbani nikawa nayasema usingizini. Marehemu mume wangu alikuwa fundi rangi wa majumba na alikuwa na mwendo wake peke yake, alitembea kama mtu anayevuka dimbwi hata pakiwa pakavu, watoto wa mtaani walikuwa wakimwiga naye anafurahi, basi alipougua kifua nikampiga picha mimi mwenyewe, nikamwambia usitikisike, akanijibu, "Mke wangu, hata huku umenifuata?" tukacheka wote wawili, na miezi minne baadaye nikamzika. Ninayo picha ya mbavu zake, mshauri. Ya mwendo wake sina. Simu yake ilikuwa ya tochi na yangu ilikuwa ya kupigia tu, na picha zetu zote za sherehe amesimama wima kama nguzo kwa sababu mpiga picha naye alimwambia asitikisike.

Mwaka niliostaafu hospitali ilileta mashine za kompyuta, filamu zilizobaki, maboksi kumi na manane yaliyopitwa na tarehe, zikaandikiwa kutupwa pamoja na dawa za kusafishia, nikaandika barua ya kuziomba, mkuu wa idara akasaini huku anacheka, akaniuliza, "Mama, unakwenda kupiga mifupa ya nani huko nyumbani?" nikamwambia mifupa nimeshiba. Nilikuwa nimesoma kwenye kitabu cha maktaba kwamba zamani, kabla sinema haijazaliwa, kuna watu walipanga kamera kwenye mstari mmoja, kila kamera ikafungwa uzi uliokatiza njia, farasi akapita mbio akikata nyuzi na kila uzi ukafyatua kamera yake, ndipo wakajua kwamba farasi akikimbia kuna wakati miguu yote minne iko hewani, jambo ambalo macho ya binadamu yalikuwa yakilibishania tangu farasi aanze kukimbia. Mimi farasi sina, lakini marafiki ninao.

Rafiki yangu mkubwa ni fundi cherehani, tumejuana tangu tukiwa wasichana, na mume wake ni seremala, yeye ndiye aliyenitengenezea masanduku kumi na mawili ya plaiwudi, kila moja kama sanduku la viatu, yamepakwa rangi nyeusi ndani, jicho la kila sanduku ni kioo cha miwani ya kusomea, na mbele ya kioo kuna kibao chembamba chenye upenyo kilichozuiwa na msumari, uzi ukivutwa msumari unachomoka, kibao kinaanguka, upenyo unapita mbele ya kioo kufumba na kufumbua, na picha imeshikwa. Nyuzi ni za cherehani, zinakatika ukizigusa tu. Filamu nazikata vipande bafuni kwenye taa nyekundu kama nilivyofanya miaka yote, na nyuma ya nyumba yangu kuna uwanja mwembamba wa kuanikia nguo, hatua kumi na sita, jua linaupiga barabara kuanzia saa tano mpaka saa saba, ukutani nimetundika mashuka nikayachora mistari ya mkaa ili ijulikane mtu amepanda kiasi gani.

Najua unataka kuuliza kwa nini nisitumie simu kupiga video, mwanangu wa kwanza ameniuliza hilo mara mia. Simu inakuonyesha mtu amepita, mimi nataka kujua amepita vipi.

Tulianza na rafiki yetu mwingine, mkunga mstaafu, mwanamke mzito mwenye maneno mengi kuliko redio, tukamwambia akimbie tu, akakimbia huku amekamata gauni, nikasafisha filamu, nikazipanga kwenye lile sanduku la taa ambalo madaktari waliliangalizia eksirei, na kwa kuwa kwenye filamu cheusi hutoka cheupe, tulimwona mkunga anang'aa kama mbalamwezi, na kwenye picha ya nne hakuna mguu hata mmoja uliogusa chini, kuna mstari mzima wa mkaa kati ya kisigino chake na ardhi. Akatazama, akavua miwani, akaivaa tena, akasema, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa napaa na hamniambii!" Tangu siku hiyo kila Jumamosi saa tano walikuwa kwangu, wanakimbia, wanaruka kamba, wanapanda ngazi za mbao na kushuka, wanarusha ndoo za maji, na mimi nyuma ya mstari nakagua nyuzi na misumari, na sikumbuki lini nilikuwa na raha kama ile.

Sasa nafika mahali pagumu. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita fundi cherehani alikuwa anaruka, siyo kukimbia, kuruka, anatoka mbio kisha anajitupa juu mikono imetanuka, amejishonea hata suruali ya kazi hiyo, yenye mpira kiunoni, mumewe haijui. Aliruka mara tatu. Mara zote tatu kamera ya sita ilinigoma, kibao kikakwama, na ya sita ndiyo iliyoko pale anapofika juu kabisa. Akaniambia, "Shoga, goti langu limeanza kunung'unika." Nikamwambia mara moja tu, ya mwisho, nimekipaka sabuni kibao, safari hii hakikwami. Akanitazama, akarudi mwanzo wa uwanja, akakimbia, akaruka, na alipotua goti likamkataa, akajikinga kwa mkono wa kulia. Sauti ile naijua, nimeiona kwenye filamu maelfu ya mara ingawa filamu haina sauti.

Na hili sijamwambia mtu yeyote duniani. Kabla sijamkimbilia, niligeuka nikaangalia kama kamera ya sita imefyatuka. Kibao kilikuwa kimeanguka. Nilifurahi, mshauri, sekunde moja, rafiki yangu yuko chini kwenye saruji na mimi nikafurahi, ndipo nikamkimbilia.

Kifundo cha mkono kimevunjika sehemu mbili, amefungwa plasta, na ni mkono wa mkasi. Seremala alikuja kwangu jioni ile, hakukaa, akasema, "Shemeji, masanduku yale nimeyatengeneza kwa mikono yangu, nitakuja kuyachukua. Na mke wangu haji tena hapa." Jumatatu akaja mwanangu wa kwanza, yeye kazi yake ni bima, na mtu wa bima hata akiona mtoto anabebwa mgongoni anamwona ameshaanguka, akaniambia, "Mama, safari hii ni mkono, safari ijayo ni shingo, na watu watauliza sisi watoto tulikuwa wapi." Nikamwambia watu waulize. Akazibeba kamera zote kumi na mbili akaziweka stoo, akatia kufuli alilokuja nalo mfukoni, kumbe alijiandaa, akaondoka na ufunguo. Amesema mwisho wa mwezi nihamie kwake, mkwe ameshatandika chumba, kizuri kweli, kina televisheni na dirisha linaloangalia tangi la maji, na nyumba yangu ipangishwe. Nyumba hii tulijenga na marehemu na hati ina jina langu. Binti yangu naye amepiga simu akilia, "Mama, umri huu ni wa kukaa." Nikamuuliza, kukaa mpaka lini?

Tena filamu za siku ile bado zimo ndani ya kamera, hazijasafishwa, na ile stoo ina bati juu, mchana inachemka kama sufuria, joto likiendelea zitaungua zote na nitakuwa nimemvunja mtu mkono bure.

Basi niambie. Nihame? Nimrudishie seremala masanduku yake? Je, nina wazimu? Mwenyewe nakuambia mapema kwamba sijioni nina wazimu, na kuacha sitaki, ila usingizi umenitoka.

Ni mimi,
Mpiga Mifupa Mstaafu

*

Mpendwa Mpiga Mifupa,

Gazeti usilifungie sabuni. Nimesoma mpaka mwisho, nikarudia, nikamsomea na mhariri wangu, ambaye sasa anataka kuja kurushwa.

Wazimu huna. Mwenye wazimu hakagui misumari. Umefanya kazi gizani miaka thelathini na moja, umetoka nje juani na marafiki zako, mnacheka, mnajifunza jambo ambalo hata waliosoma hawalijui mpaka walione. Kama hiyo ni dhambi ya uzeeni basi wengi wetu tunazeeka vibaya. Kwa hiyo swali la kuacha tulitoe mezani: usiache. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini bibi wee, sasa kaa vizuri, maana nakuja kwako.

Barua yako ndefu. Mwanao umempa maneno mengi, seremala umempa maneno, televisheni na tangi la maji vimepata maneno. Rafiki yako aliyevunjika mkono, yeye amepata plasta na nukta. Wiki mbili! Umekwenda kumwona mara ngapi? Hujaandika, na mtu aliyekwenda angeandika. Unajificha nyuma ya hasira za mumewe kwa sababu unaogopa macho yake yeye.

Alikuambia goti linanung'unika. Kwa lugha ya watu wa umri wetu hiyo maana yake ni "nimechoka, ila naona haya kukuangusha." Wewe ulisikia, ukachagua kibao. Kule hospitali uliwaamuru watu watulie, huku umewaamuru waruke, na tofauti siioni, maana mwenye amri ni yule yule. Hiyo sekunde ya kuangalia kamera ya sita usijichinje nayo, kila fundi anayeipenda kazi yake ana sekunde kama hiyo ya aibu. Lakini usiifiche. Siri ya namna hiyo ikikaa kati ya marafiki wawili inaoza, na harufu yake mtadhani inatoka kwa mume wa mtu.

Kwa hiyo leo, siyo kesho, vaa viatu uende kwake. Usimpitie seremala kama mtu anayeomba kibali, msalimie, mpe pole, omba radhi kwa sababu mkono ule ndio unaoshona, kisha nenda alipo mwenye mkono. Mwambie yote, pamoja na sekunde ile. Usilie sana, asije akalazimika kukubembeleza yeye. Halafu uliza nguo gani za watu zimelala pale. Kushona labda hujui, sawa, lakini vifungo unajua, kufumua unajua, kushikilia kitambaa wakati yeye anakuelekeza unajua. Kila asubuhi mpaka plasta itoke, wewe ndiye mkono wake wa kulia, na yeye ndiye mwenye amri. Akikuambia hataki kukuona, rudi nyumbani, na kesho yake nenda tena.

Masanduku ni ya nani? Kama ulimwomba seremala akakupa, ni yako. Lakini usimwambie hivyo. Mwambie ukweli, kwamba uwanja wa saruji ulikuwa ujinga na ulipaswa kuliona hilo wewe uliyeona mifupa mingi kuliko mtu yeyote mtaani. Mwulize angefanyaje yeye. Mafundi hawajui kukaa kimya wakiulizwa swali la kazi.

Sasa mwanao. Huyu anakupenda, na usinibishie, mtu asiyekupenda hatembei na kufuli mfukoni. Lakini anakupenda kama mzigo unavyopendwa, ufungwe vizuri, uandikwe "usiguswe". Mpigie simu. Usipandishe sauti, kwa maana ukipaza atasema unaona, mama hayuko sawa. Mwambie: nyumba ni yangu, stoo ni yangu, filamu zinaungua, naomba ufunguo kabla ya Ijumaa saa sita. Usieleze zaidi. Akileta, mpikie chakula. Asipoleta, mtaani kwenu hakukosekani fundi wa kufuli. Na kuhamia kwake usihamie. Mama anakwenda kwa mwanawe kutembea, anarudi kwake akiwa amekumbukwa. Siku utakayoshindwa kujitwalia maji mwenyewe tutaandikiana tena, na hapo nitakuwa mkali kwa upande mwingine.

Kisha ukifungua uwanja tena, hakuna "mara moja tu ya mwisho". Lifute neno hilo. Atakayesema goti, kiuno, au hata "mh", siku yake imekwisha, na kamera iliyogoma igome. Pafunike pale wanapotua, mchanga, magodoro ya zamani, chochote kilaini kuliko akili yako ya Jumamosi ile.

Na la mwisho. Nimeitafuta kwenye barua yako sentensi inayosema wewe umekimbia mbele ya kamera hizo. Sikuiona. Mkunga amepaa, fundi cherehani amepaa, wewe "nyuma ya mstari nakagua nyuzi". Ndiyo maana hukujua goti la mwenzako linasema nini. Kwa hiyo hii ni amri yangu, na mimi leo ndiye ninayeamuru: hakuna mtu atakayeruka kwenye uwanja huo kabla wewe hujaruka. Misumari ishikwe na mwingine.

Nenda.

Mshauri wako

*

Siku ishirini na sita baada ya jibu hilo kuchapishwa, bahasha kubwa ya kaki ililetwa ofisini. Tumeona ni haki msomaji aipate.

Mshauri,

Ulinikera. Gazeti nililitupa chini ya meza, nikaliokota, nikavaa viatu.

Seremala alikuwa mlangoni anapiga randa, nikamwambia ulivyoniambia, akasogeza kiti kilichoziba njia, nikapita. Mke wake alikuwa amekaa kwenye cherehani haishoni, ameiwekea tu mkono wa kushoto kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Nikasema yote kwa mara moja, kamera ya sita, sabuni, sekunde ile. Nje randa ikasimama.

Akasema, "Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuwa chini, nikainua uso nikikutafuta wewe, nikakuona unaangalia sanduku." Akafuta jicho kwa plasta. "Nilikuchukia mpaka nikafika hospitali." Kisha akauliza, "Sasa ilifyatuka?"

"Kibao kilianguka. Picha sijui, zimefungiwa stoo."

"Yaani mkono wangu uko hapa na picha yangu iko stoo? Nenda kavunje hilo kufuli!"

Nikamwambia mshauri amesema nimngoje mwanangu mpaka Ijumaa. Akasema huyo mshauri wako mkono wake mzima.

Hata hivyo nilisubiri. Mwanangu nilimpigia, nikasema maneno yale yale uliyonipa, akasema, "Mama, tutaongea." Ijumaa ikafika, saa sita ikapita, saa saba nikamwita fundi wa kufuli, dakika mbili tu kazi imekwisha. Fundi cherehani alikuja na khanga juu ya plasta, tukajifungia bafuni na taa nyekundu, yeye amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nne za mwisho zilikuwa zimeungua, kijivu kitupu. Ya sita nikaiacha nje ya dawa mpaka nimepata ujasiri. Ilipoanza kutokea kwenye beseni ulitoka kwanza mkono, kisha kifua, kisha miguu yote miwili imekunjwa nyuma, na chini yake mistari minne ya mkaa. Mistari minne, mshauri! Uso umeelekea juu na anacheka. Aliishika kwa kucha za mkono wa kushoto, inachuruzika, akaitazama mpaka maji yakaisha.

"Hapa sijaanguka bado," akasema.

Akaiomba picha ampelekee mumewe. Sijui walizungumza nini, ila siku ya tatu seremala alikuja na mkokoteni wa mchanga, akaumwaga uwanjani bila hodi, akausawazisha kwa ubao, akasema, "Sijakusamehe, shemeji. Na hiyo misumari ya vibao ni mifupi, ndiyo maana vinakwama." Ameibadilisha yote.

Vifungo nimeshona mia na kumi na kitu, na fundi cherehani amenifumulisha ishirini, anasema naviweka kama vidonge.

Mwanangu alikuja Jumapili. Akaona kufuli jipya la stoo. "Mama, umevunja kufuli langu." Nikamwambia, "Nimefungua mlango wangu." Nilikuwa nimepika, hakula. Alisimama uwanjani akaukanyaga mchanga kwa kiatu, mara mbili, kama mtu anayepima kitu, akaondoka. Sijahama na sihami. Simu zake napokea.

Jumamosi iliyofuata ikawa zamu yangu. Mkunga alikagua nyuzi, fundi cherehani akasimamia misumari kwa mkono mmoja na kunigombeza kwa mdomo mzima, "Usiangalie kamera! Angalia mbele!" Nilikuwa nimevaa ile suruali yake ya mpira. Nilisimama mwanzo wa uwanja nikahisi magoti yananiuliza maswali, nikaelewa kwa mara ya kwanza ni kitu gani nilikuwa nawaomba wanawake hawa kila wiki. Halafu nikakimbia. Nyuzi nilizisikia zikikatika kifuani, tiki, tiki, tiki, na kati ya uzi wa nne na wa saba sikusikia kitu chochote, wala chini sikuijua iko wapi. Nikatua mchangani, mbio zikanipeleka mpaka uzi wa mwisho, nikaishia kwa makalio. Nilicheka mpaka jirani akapanda kwenye matofali kuchungulia ukuta.

Kamera zote kumi na mbili zilifyatuka. Nimekuwekea ya tano ndani ya bahasha. Macho nimefumba, mdomo wazi, nywele zimesimama, suruali imeshuka upande, na ardhi iko mbali. Binti yangu ameiona, ameniomba kwa Mungu nisimpe mtu.

Ichapishe. Na usiichapishe ndogo.